Gari Dogo la Zamani na Daftari la Kijana Wangu

Mazungumzo haya yalitolewa katika mkutano wa pamoja wa vikundi vyetu vya kujisaidia, baada ya chakula cha mchana. Msemaji ni mwenyeji wa kijiji chetu. Yeye ni fundi wa mabasi katika mji wa Coventry, Uingereza, na alikuwa nyumbani kwa likizo. Wengi waliomsikia waliomba maneno yake yachapishwe, nasi tumeyaandika karibu kama alivyoyasema.



Mwenyekiti aliniomba niwaambie juu ya maisha ya ng'ambo. Nilifikiri sana. Habari za baridi na theluji mmezisikia hadi mmechoka. Basi nikaona afadhali niwaonyeshe kitu. (Hapa msemaji alitoa gari dogo kutoka kwenye mfuko, watu wakacheka.)

Chekeni tu. Hata mama yangu alicheka nilipofungua sanduku. Alisema, "Mtoto wangu ameenda Ulaya miaka hii yote, na sasa amerudi na kigari cha kuchezea." Lakini niombe dakika chache. Kigari hiki kimenifundisha jambo ambalo miaka 20 ya kufungua injini za mabasi haikunifundisha.

GARI HILI NI NINI

Hili ni gari linaloendeshwa kwa rimoti. Liko katika kipimo cha moja kwa kumi, yaani kama lingekuwa gari la kweli lingekuwa kubwa mara kumi kwa urefu. Wenyewe huliita "bagi", aina ya gari la kukimbia mchangani na kwenye majani, lenye magurudumu makubwa nyuma na madogo mbele. Jina lake ni Hornet, maana yake nyigu, na limeundwa na kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani. Lilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1984.

Hukununua gari kamili. Ulinunua sanduku la vipande, skrubu na karatasi ya maelezo, ukaunda mwenyewe. Mwaka huo huo wa 1984 kampuni ya Associated ya California, Marekani, ilitoa bagi lake liitwalo RC10, lenye chesisi ya alumini ya rangi ya dhahabu. Hilo ndilo lililoshinda mbio za kwanza za dunia za magari ya namna hii, mwaka wa 1985. Kwa hiyo RC10 lilikuwa la washindani, na Hornet likawa la watoto na watu wa mshahara mdogo.

Baadaye watu waliyaacha wakapenda aina nyingine. Lakini watoto wa wakati ule wamekuwa wazee wenye mvi, na wameyakumbuka. Tamiya ilianza kuliunda Hornet tena mwaka wa 2004, na sasa viko vilabu ambavyo vina mashindano maalum ya magari ya zamani tu.

JINSI LILIVYONIFIKIA

Mimi hufanya kazi ya usiku. Nikirudi nyumbani asubuhi, kijana wangu anaenda shule. Akirudi, mimi nalala. Nikiamka, ni saa ya kwenda kazini tena. Alikuwa na miaka 13, na nawaambia kweli, tulikuwa tunaishi nyumba moja kama wapangaji. "Habari ya shule?" "Nzuri." Basi. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki maneno machache, na maneno yangu kwake yalikuwa machache hata kuliko hayo.

Jumapili moja tulipita kwenye soko la mitumba, lile ambalo watu huuza vitu vyao nyuma ya magari yao. Nikaona boksi lenye gari hili, limejaa matope makavu, halina betri, gurudumu moja halizunguki. Nililipa pauni 10. Sikulinunua kwa sababu yoyote ya maana. Nililinunua kwa sababu fundi akiona kitu kibovu mkono wake unawasha.

Tulipofika nyumbani kijana akauliza, "Baba, hii linafanya nini?" Hakunena vizuri, lakini aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu aniulize kitu kisichohusu pesa.

KULIFUNGUA

Tulianza kazi gereji, Jumamosi mchana. Nitawaeleza tulivyofanya, maana mambo haya yanafaa pia kwa redio, kwa baiskeli na kwa mashine yoyote.

Kwanza, skrubu. Tulichukua trei ya mayai. Kila hatua ya kufungua tuliweka skrubu zake katika shimo moja, na kijana akaandika namba. Alichukua daftari la shule lililobaki kurasa nyingi, akachora kila kipande kabla hatujakitoa. Wazo hilo lilikuwa lake, si langu.

Pili, plastiki ya zamani. Chesisi ya Hornet ni plastiki, kama karai refu. Plastiki ikikaa miaka mingi, hasa juani, hukauka na kuvunjika kama biskuti. Kwa hiyo unaosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, hutumii nguvu. Na skrubu inayoingia kwenye plastiki ina njia yake iliyojichimbia mara ya kwanza. Ukiirudisha kwa haraka itachimba njia mpya na kuharibu ile ya kwanza, halafu haitashika tena. Dawa ni hii: iweke skrubu mahali pake, izungushe kwanza kinyume, polepole, hadi uisikie inadondoka kidogo. Hapo imepata njia yake ya zamani. Sasa kaza, na ikigusa mwisho, acha. Kijana wangu alilijua hilo siku moja. Mimi nimewaona mafundi watu wazima hawalijui.

Tatu, mahali pa kuzungukia. Magurudumu yalikuwa yanazunguka juu ya bushi za kawaida, na mchanga ulikuwa umezisaga. Tuliweka beringi ndogo zenye kifuniko cha raba. Kabla ya hapo ukizungusha gurudumu kwa kidole lilisimama mara moja. Baada yake lilizunguka hadi ukachoka kuliangalia. Nguvu ya betri iliyokuwa ikiliwa na msuguano ilirudi kuwa mwendo, bila kununua mota mpya.

Nne, umeme. Gari la miaka ile halikuwa na kidhibiti cha mwendo cha kisasa. Lilikuwa na swichi ya kusukumwa na mota ndogo, na ukitaka mwendo wa pole umeme ulipita kwenye kipande cha kupunguza nguvu ambacho kilikuwa moto kama pasi. Umeme ulipotea kuwa joto bure. Tulikitoa tukaweka kidhibiti cha elektroniki, kidogo kama kiberiti, kwa sababu klabu iliruhusu.

KOSA LANGU

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Gari lilikuwa safi na linatembea. Kijana akasema, "Baba, tulijaribu kwanza kama lilivyo." Mimi nikasema, "Mimi ni fundi wa mabasi. Nitakuonyesha." Nikaenda nikanunua mota ya kisasa isiyo na brashi, yenye nguvu kupita ile ya kwanza mara nyingi. Nikanunua betri ya lithiamu. Nikabadilisha tairi, nikabadilisha na springi za nyuma nikaweka ngumu. Yote kwa usiku mmoja wa mapumziko, yeye akiwa amelala. Nilitaka aamke aone.

Jumapili tukaenda uwanjani. Watu wa klabu walikuja kuangalia. Nikampa kijana rimoti. Alivuta kidogo tu, gari likasimama kwa magurudumu ya nyuma kama farasi, likapinduka. Tukalisimamisha. Alijaribu tena, likaruka, likadunda, likarudi chini kwa pua. Tulisikia mlio kama wa kusaga mawe. Meno ya gia yalikuwa yameisha, boksi la gia limepasuka, na chesisi imepata ufa kutoka mbele hadi karibu na betri.

Plastiki ile ilikuwa imedumu miaka zaidi ya 30. Mimi niliivunja kwa dakika moja.

Kijana hakusema neno. Aliweka rimoti chini, akaenda kukaa ndani ya gari letu. Usiku nililiona lile daftari juu ya meza ya gereji, limefungwa. Kwa wiki mbili hakuingia gereji. Tukarudi kuwa wapangaji.

Na jambo lililonisumbua kama fundi ni hili: sikujua ni nini kilichovunja. Ni mota? Ni springi ngumu? Ni tairi zilizoshika sana? Ni uzito wa betri? Nilikuwa nimebadilisha mambo manne kwa mara moja. Hata leo, mkiniuliza, siwezi kuwaambia.

Basi siku moja sikulala. Nilimngoja arudi shule. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikosa. Wewe ulisema kweli na mimi sikukusikia." Wazee mlioko hapa mnajua kwamba kwetu baba kumwambia mtoto hivyo si jambo jepesi. Mimi lilinikaa kooni. Lakini alisimama kidogo, akauliza, "Boksi la gia linaweza kupatikana?"

KUUNGA KILICHOVUNJIKA

Klabuni kuna mzee mmoja mwenye masanduku ya vipande vya zamani. Alisikia habari zetu akatuletea boksi la gia lililotumika, zima. Nilitoa pesa, akakataa. Alisema siku moja nitamwona mtu mwingine amekwama, nimpe yeye.

Ufa tuliutengeneza hivi. Kwanza tulitoboa tundu dogo pale ufa unapoishia, kwa sababu ufa hupenda kuendelea mbele, na tundu la duara huusimamisha. Kisha tulichukua vipande vya plastiki ya aina ile ile, tukaviyeyusha ndani ya asetoni hadi vikawa kama uji mzito, tukapaka ndani ya ufa. Asetoni hushika moto haraka na harufu yake ni mbaya, kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, mbali na jiko na sigara. Kulipokauka siku mbili tukaweka kibati chembamba cha alumini kwa ndani, na skrubu nne. Mnaweza kukiona hapa. Si kizuri, lakini kinashika.

JAMBO MOJA KWA WAKATI MMOJA

Safari hii kijana ndiye aliyetoa sheria. Aliandika ukurasa wa kwanza: badilisha kitu kimoja tu, pima, andika. Kikiwa kibaya, rudisha.

Tulirudisha mota ya kawaida, ile ya kopo la fedha ya aina ya 540. Tukapima kwenye njia ya majani ya klabu. Mzunguko mmoja ulichukua sekunde 31. Hiyo ikawa alama ya kuanzia.

Kwanza tairi. Watu hukimbilia mota, lakini nguvu zote hupita pale tairi inapogusa ardhi. Tuliweka tairi zenye meno marefu ya kushika majani. Mzunguko ukawa sekunde 28. Tumeokoa sekunde 3 bila kugusa mota.

Pili, kuruka-ruka. Hornet lina tabia moja: mota, giaboksi na ekseli ya nyuma ni kitu kimoja, na chote hupanda na kushuka pamoja. Ni kizito. Kwa hiyo likipita kwenye shimo hudunda kama sungura. Shokabsoba zake za nyuma zina oili, lakini yetu ilikuwa imevuja na hewa imeingia. Hewa haizuii kitu. Unajaza oili, unasukuma ule mti wa ndani juu na chini polepole, mapovu yanapanda. Unangoja. Unarudia hadi mapovu yaishe, ndipo unafunga. Ukiiharakisha utafunga hewa ndani, na shokabsoba moja itakuwa tofauti na mwenzake. Mbele, ambapo hapakuwa na oili, tuliweka shokabsoba ndogo. Tulipima kwa kuliinua gari kama futi moja na kuliachia: lilipaswa kushuka na kutulia, si kudunda tena. Sekunde 27.

Tatu, uzito. Uzito mwingi uko nyuma, kwa hiyo pua inainuka na gari linakataa kukata kona. Linaenda moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona maji. Tulibandika risasi gramu 30 mbele. Afadhali kidogo. Gramu 60, likakata vizuri. Gramu 90, likakata kupita kiasi na sehemu ya nyuma ikateleza. Tukarudi 60. Sekunde 26.

Nne, difu. Kwenye kona gurudumu la ndani huinuka, nalo likiinuka difu hulipa nguvu zote, linazunguka hewani bure. Tulijaza grisi nzito sana ndani ya difu ili isilegee upesi. Muda haukupungua, lakini gari likawa rahisi kuongoza. Kijana aliandika, "Muda sawa, moyo umetulia."

Tano, springi ngumu za nyuma, zile zile nilizokuwa nimezinunua. Sekunde 27. Tukazitoa. Kwenye ukurasa huo aliandika mistari miwili tu na hakuniangalia, akawa anatabasamu.

Mnaona, mota yenye nguvu haikuhitajika. Kutoka sekunde 31 hadi 26 kwa mota ile ile. Kwa mbio za dakika 5, hiyo ni tofauti ya kumaliza mizunguko 9 na kumaliza 11.

NENO JUU YA BETRI

Nawaambia hili kwa sababu sasa hata hapa kijijini ziko betri za lithiamu, katika simu na taa za sola. Zina nguvu nyingi katika mwili mdogo. Ikivimba, usiichaji tena. Ikitobolewa au ikachajiwa kwa chaja isiyo yake, inaweza kulipuka moto. Usichaji chini ya kitanda wala juu ya godoro. Klabuni huchaji ndani ya chombo kisichoshika moto, na mwenyewe akiwa karibu.

Betri za miaka ya 1980 zilikuwa za nikeli na kadmiamu, volti 7.2, na nyingi zilikuwa na uwezo wa miliampea 1200 kwa saa. Ukifanya hesabu, hiyo yatosha kuvuta kama ampea 14 kwa dakika 5, basi. Kwa hiyo dereva wa wakati ule aliyekanyaga kwa nguvu mwanzoni alisimama kabla ya mwisho, na aliyetumia akili akampita akiwa amekwama.

JINSI KLABU INAVYOJIENDESHA

Hapa wanavikundi nisikilizeni. Klabu ile haina tajiri. Kuna ada ya mwaka na kiasi kidogo cha kila siku ya mbio. Wakati wa baridi hukodi ukumbi wa shule na kutandika zulia. Wakati wa joto hutumia uwanja wa majani. Anayefika mapema anatandika, anayekimbia mwisho anakunja.

Magari hugawanywa katika makundi. Kila kundi hukimbia dakika 5, mara tatu, na matokeo yako bora ndiyo yanayohesabiwa. Kisha wenye mwendo sawa huwekwa katika fainali moja: A kwa wepesi, halafu B, halafu C. Kwa hiyo hata mgeni anashindana na mgeni mwenzake, hakati tamaa.

Gari likipinduka, nani analisimamisha? Wale waliomaliza kukimbia sasa hivi. Ukitoka kuendesha, huendi kunywa chai. Unasimama kwenye kona, unasimamisha magari ya wenzako. Ukikwepa zamu, kwenye klabu yetu unanyang'anywa matokeo yako bora. Sijaona mtu akikwepa mara mbili.

Zamani redio zao zilikuwa za megahezi 27, na kila moja ilikuwa na rangi yake: kahawia, nyekundu, machungwa, njano, kijani, buluu. Watu wawili wakiwasha rangi moja, gari la mmoja lingesikia amri ya mwingine na kukimbia ovyo. Walifanya nini? Walitundika ubao wenye vibanio vya nguo, kila rangi kibanio kimoja. Huna kibanio mkononi, huwashi redio. Kitu cha senti chache kililinda mali ya watu wote. Redio za kisasa hazihitaji hivyo, lakini wazee bado wametundika ule ubao ukutani.

SIKU YENYEWE

Tulikimbia mbio za magari ya zamani mwezi wa Septemba. Kijana aliendesha, mimi nilibeba boksi la spana. Mzunguko wa kwanza alipinduka mara mbili. Mara ya pili alipata mizunguko 10. Mara ya tatu 11. Akaingia fainali C, magari 8.

Nilitaka kumwambia vuta, vuta! Nikajifunga mdomo. Aliendesha kwa utulivu. Wawili waligongana mbele yake, akazunguka pembeni. Mmoja aliishiwa betri. Alimaliza wa nne.

Hatukupata kikombe. Lakini usiku, nilipokuwa najitayarisha kwenda kazini, nilipita gereji nikafungua daftari. Mambo yote mengine aliandika kwa Kiingereza. Ukurasa wa siku hiyo ulikuwa na maneno matatu ya Kiswahili: "Gari limefika. Baba." Sijui kama alimaliza sentensi au alikuwa ananiita. Sikumwuliza. Nililifunga nikaenda kazini.

MASHINE YETU YA KUSAGA

Nimalizie nyumbani. Mwenyekiti amenionyesha mashine ya kikundi ya kusaga unga, imekaa miezi minne. Nimeambiwa ilianza kutoa moshi na kula dizeli. Fundi akaja, akabadilisha nozeli, mkanda, puli na wavu wa unga, yote siku moja. Ikawa mbaya zaidi. Sasa kila mmoja anamlaumu mwenzake, na akina mama wanabeba mahindi hadi mji wa pili.

Sitamlaumu fundi huyo. Mimi nilifanya lile lile, na mbele ya mtoto wangu.

Ninachoomba ni hiki. Vipande vya zamani bado viko stoo, nimeviona. Kesho asubuhi, vijana wawili na mimi tutarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, ila kilichovunjika kabisa. Tutaweka lita moja ya dizeli na kuhesabu ni madebe mangapi yanasagwa. Tutaandika. Hapo ndipo tutabadilisha kitu kimoja. Kazi hiyo yaweza kuchukua wiki nzima, na mimi nina siku tisa zilizobaki. Daftari libaki na mweka hazina, si kwangu.

Kijana mmoja ameniuliza kama kikundi kinunue magari haya. Hapana, tafadhali. Pesa za kikundi zina kazi. Lakini watoto wa hapa huunda magari ya waya yenye usukani unaokata kona, na hawajaonyeshwa na mtu. Huo ni ufundi ule ule. Mtoto akiwa na gari la waya, kaa naye, mwulize limeundwaje. Usimnyang'anye kumwonyesha.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, kikundi chenu kina mashine au mradi uliosimama? Ni mambo mangapi yalibadilishwa kwa mara moja?
2. Nani katika kikundi anaandika matumizi ya kila siku? Daftari liko wapi sasa?
3. Ni "kibanio cha nguo" gani, yaani kitu rahisi, kinachoweza kuzuia ugomvi katika kikundi chenu?
4. Ni lini mara ya mwisho mtu mzima alikubali kosa mbele ya vijana? Kulitokea nini?

(Msomaji ataka kujua: mashine ilianza kusaga siku ya saba. Kosa lilikuwa puli isiyo ya kipimo chake. Daftari liko kwa mweka hazina, na sasa liko ukurasa wa 14.)